Timu ya mahudhurio ya kaunsili yetu: barua zao nyota moja, afisa wao nyota nne na nusu

Naanza na nyota kabisa ili asiye na muda asome aende zake. Barua zao nawapa nyota moja, na hiyo moja ni kwa vile bahasha inafika. Afisa aliyekuja nyumbani kwangu nampa nne na nusu. Mama anayeongoza ile timu nampa tano zote na ingekuwa Tanga ningeshampelekea kuku. Ukijumlisha ukagawanya sijui inakuja ngapi, pigeni hesabu wenyewe.

Naongelea ile timu ya kaunsili, yaani halmashauri ya mji, inayofuatilia watoto wasiokwenda shule hapa Uingereza. Miaka yote walikuwa wanaitwa maafisa ustawi wa elimu, siku hizi kwenye makaratasi wanajiita timu ya kusaidia mahudhurio, ila sisi waswahili tunawaita watu wa faini na ukishawaita hivyo basi ukisikia mlango unagongwa unazima tv unakaa kimya. Mji sitaji wala kaunsili sitaji, yapo mambo ya kuwasema na mi bado naishi hapa na watoto bado wanasoma hapa.

Sasa kisa chenyewe. Mi nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, natoka saa mbili asubuhi, nikabidhiane na wa mchana, nisubiri basi, mpaka nafika nyumbani ni saa tatu kasoro kumi hivi. Baba yao anaendesha lori, akiondoka Jumatatu alfajiri tunamuona Ijumaa. Watoto wawili, mkubwa wa kiume yuko mwaka wa 8 sekondari na mdogo wa kike mwaka wa 1. Kwa hiyo asubuhi nani anampeleka mdogo shule? Kaka mtu. Kwetu hilo si jambo hata la kulijadili, kaka anampeleka mdogo wake shule, mi mwenyewe nlipelekwa na dada nikiwa nimeshikwa mkono mpaka getini, nani alituuliza.

Barua ya kwanza ikaja mwezi wa kumi na moja. Ni ya huyu mkubwa, imeandikwa mahudhurio ya mtoto wako ni asilimia 84. Wazazi wenzangu, mi nilivyoona 84 nikasema alhamdulillah, kwetu 84 ni A, nikaibandika kwenye friji!! Nacheka sasa hivi lakini ndo nlivyofanya. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba kwenye mahudhurio hesabu inasomwa kinyume. Mwaka wa shule hapa una siku 190, mtoto akiwa na asilimia 90 maana yake akienda hivyo mwaka mzima amekosa siku 19, karibu wiki nne za shule, na hapo ndo serikali inapomuita mtoro sugu, kuanzia kukosa asilimia 10 na kuendelea. Huyu wangu wa 84 akiendelea vile vile mwaka mzima ni siku thelathini. Sasa barua ingeandika siku tu, "mtoto wako amekosa siku kadhaa", ningeshtuka siku ileile. Asilimia kwa mzazi aliyetoka naiti ni mapambo.

Na jambo jingine, mtoto wangu alikuwa ANAKWENDA shule. Hapo ndo nlichanganyikiwa zaidi. Kila siku anavaa yunifomu, anaondoka, anarudi na kazi za nyumbani. Barua ya pili ikaja, ya tatu ikaja yenye maneno makali, imetaja sheria ya mwaka 1996 na mahakama, nikazitia kwenye droo pamoja na zile za leseni ya tv. Najua, najua. Lakini ukishachoka unakuwa na droo.

Halafu baada ya Krismasi kijana akaanza tumbo. Jumatatu tumbo, Alhamisi tumbo, nampa maji ya tangawizi, nampeleka kwa daktari, daktari anamminyaminya anasema hana kitu. Wikiendi tumbo halipo anakula pilau sahani mbili. Mama yangu kwenye simu kutoka Tanga anasema huyo kijicho, msomeeni. Tukamsomea. Jumatatu tumbo.

Ikaja barua ya nne, hii ndo iliyonitoa kwenye kiti, notisi ya kutakiwa kurekebisha, kwamba tusipojirekebisha ndani ya muda fulani inakuja faini. Naomba niwaeleze faini maana kila mtu anasema lake. Tangu mwezi wa nane 2024 ni sawa England nzima: pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ukilipa ndani ya siku 21, ukichelewa mpaka siku 28 inakuwa 160. Ukipigwa ya pili kwa mtoto huyohuyo ndani ya miaka mitatu ni 160 moja kwa moja hakuna punguzo, na ya tatu hakuna faini tena, ni mahakamani au hatua nyingine, na huko mahakamani inaweza kufika mpaka pauni 1,000, na ikionekana ulijua na ukaacha makusudi ni 2,500 au hata jela miezi mitatu. Kwa KILA mzazi. Mume wangu yuko kwenye lori huko kaskazini hajui hata mtoto amevaa soksi gani, naye anahesabiwa. Rafiki yangu mmoja alikwenda nyumbani msibani na watoto watatu wiki tatu bila kuaga shule, akakuta barua sita mlangoni, tatu zake tatu za mumewe, pauni 480, na angezembea ingekuwa 960. Tiketi ya mtu mmoja ya kurudi Dar hiyo.

Kizingiti chao ni vipindi 10 vya kukosa bila ruhusa ndani ya wiki 10 za shule. Kipindi hapo si somo, ni nusu siku, maana rejista inaitwa mara mbili, asubuhi na mchana. Kwa hiyo siku tano tu, tena si lazima zifuatane, na ndo maana watu wanakamatwa bila kujua wamekamatwaje.

Haya sasa nije kwa yule mama mkuu wa timu.

Msikitini kwetu kuna ukumbi, Jumamosi moja wakatangaza atakuja mtu wa kaunsili kuongea na wazazi habari za mahudhurio. Nikaenda kwa sababu ya biriani, nisiwe muongo. Nlitegemea kijana wa tai na projekta. Akaja mama mtu mzima, koti la mvua, viatu vya kutembelea, na maafisa wake wawili, akaanza kwa kusema (nafasiri kwa nlivyoelewa) kwamba amechukua kuongoza timu hii hivi karibuni, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukaa na kusoma barua zao wenyewe akajifanya yeye ndo mzazi, akaona angezitupa. Watu wakacheka. Mi nikafikiria droo.

Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo naona ndo akili yake yote ilipo. Akasema maafisa wake walikuwa wanatembelea familia mchana, saa nane saa tisa, kwa sababu ndo muda wa ofisi unaoruhusu, wakati utoro unatokea kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. "Tulikuwa tunakwenda kuuliza habari za moto wakati majivu yameshapoa." Kwa hiyo akabadilisha zamu, baadhi ya maafisa wanaanza saa moja asubuhi, wanakuwa mlangoni muda ule ambao tatizo lenyewe liko macho. Jamani ni kitu kidogo hicho, hakihitaji bajeti wala mshauri wa kulipwa, kinahitaji mtu aliyewahi kuamsha mtoto.

Jambo la pili aliloweka: mtoto haruhusiwi kuwa mkalimani wa mzazi. Hapo mama mmoja Mkongo aliyekaa pembeni yangu akaguna, kumbe mwanawe ndo alikuwa anamsomea barua na kila barua anamwambia "mama wanasema naendelea vizuri". Mwaka mzima anaendelea vizuri! Sasa wanaweka mkalimani kwa simu. Ingawa hapo napo wana kasoro, mimi walinipa mkalimani wa Kiswahili cha Lubumbashi na yule mama wa Kikongo wakampa wa Zanzibar, wangetubadilishia tu tungeshaelewana. Mi Kingereza najua cha kutosha lakini neno la sheria likija nataka lije kwa lugha yangu.

Nikamfuata pale kwenye chai, nikamwambia mimi mwanangu anakwenda shule kila siku na mnaniandikia ni mtoro. Sikumwambia kwa adabu sana. Hakukasirika. Akaniuliza swali moja tu, "huwa anafika saa ngapi?" Nikakaa kimya. Sijui. Mi nakuwa kwenye basi.

Jumanne saa moja na dakika ishirini asubuhi mlango ukagongwa, nlikuwa off siku hiyo. Afisa, dada wa makamo, mvua inanyesha, akasema sijaja kukagua, nimekuja kutembea nao kama utaruhusu. Nikamkaribisha chai akakataa, viatu akavua bila kuambiwa (nyota hapo, wanaojua wanajua). Akatembea na watoto wangu mpaka shule ya mdogo. Geti la pale linafunguliwa saa mbili na dakika arobaini, na kule sekondari kwa kijana rejista inaanza saa mbili na nusu. Hesabu hiyo nlikuwa naishi nayo mwaka mzima na sijawahi kuiweka kwenye karatasi moja. Kisha akapanda basi na kijana. Wakafika sekondari saa tatu na robo.

Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndo kwenye faida ya yote nayoyaandika. Rejista ya hapa ina herufi. Mtoto akichelewa kidogo kabla haijafungwa anaandikwa L, huyo amehudhuria, amechelewa tu. Rejista ikishafungwa, na mwongozo unasema isiachwe wazi zaidi ya nusu saa hivi, akija baada ya hapo anaandikwa U, na U ni KUKOSA. Kukosa bila ruhusa, nusu siku nzima, hata kama amekaa darasani mpaka jioni amejibu maswali yote. Mwanangu alikuwa na U kama shanga. Kila moja inakwenda kwenye zile kumi za faini. Alikuwa shuleni, amekaa, anaandika, na kwenye kompyuta hayupo. Mwaka mzima hakuna mtu shuleni aliyenipigia kuniambia mama, mtoto wako mara kwa mara anafika saa tatu na robo, kuna nini? Walimbakisha tu baada ya shule. Na akibakishwa anachelewa kumchukua mdogo, jirani ananipigia nikiwa nimelala.

Na tumbo? Yule afisa alilijua kwenye basi. Dakika ishirini kwenye basi na mtoto asiyemjua. Kijana akamwambia kwamba akiingia darasani amechelewa, mwalimu anasimamisha somo, wenzake wanapiga makofi. Makofi ya dhihaka, kila akichelewa. Wamempa na jina. Kwa hiyo siku ambazo mwalimu yule ana somo la kwanza, Jumatatu na Alhamisi, ikawa bora tumbo liume. Mimi mama yake sijaambiwa kwa sababu angesema ingekuwa ni kuniambia kwamba kumpeleka mdogo wake ndo kunamponza, na ameshaona navyorudi nimechoka. Alinilinda. Nlivyosikia hilo nlikwenda bafuni nikafungua maji.

Haya, yaliyofuata yalikwenda haraka. Kikao shuleni, mimi, baba yao kwa simu yuko kwenye kituo cha malori, afisa, yule mama mkuu alikuja mwenyewe, na mwalimu wa shule anayesimamia mahudhurio, maana siku hizi kila shule lazima iwe na mmoja wa ngazi ya juu anayebeba hilo jina. Wakaita makubaliano ya mahudhurio, si adhabu, ni karatasi ya nani atafanya nini, na mtu huwezi kulazimishwa kusaini. Nlivyokuwa naogopa karatasi nlitaka kukataa. Nilichopenda ni kwamba upande wa shule nao uliandikwa. Mdogo akapatiwa nafasi kwenye klabu ya asubuhi ya shule yake, inafungua saa mbili kasoro robo wanakunywa uji wao ule wa maziwa baridi, nafasi ambayo mi nliomba mwezi wa tisa nikaambiwa imejaa, afisa akapiga simu mbili ikapatikana (hili linaniudhi mpaka leo, nafasi ipo ila inasubiri sauti ya mtu wa kaunsili). Kijana akatolewa zile siku za kubakishwa. Na yule mwalimu wa makofi akazungumzwa, sijui aliambiwa nini, lakini makofi yameisha.

Yule mama mkuu kwenye kikao hakuongea sana. Ila mwalimu alipoanza "familia hii haijajibu barua nne" akamkatiza, akamwambia tuanze na mtoto anafikaje. Akageukia kompyuta akaomba waifungue rejista wasome herufi moja moja, wiki kwa wiki, mbele yangu. Nadhani hata mwalimu alikuwa hajawahi kuzitazama hivyo. Mi nimefanya kazi chini ya mameneja wengi wa hapa, wengi wakija kikaoni wanasoma kilichoandikwa. Huyu alikuwa anatafuta kisichoandikwa.

Nlipata kumuuliza siku nyingine, tukisubiri lifti, unaongozaje timu ndogo hivi kwa shule zote hizi, maana maafisa wenyewe hawafiki kumi. Akasema kila muhula wanakaa na kila shule, siku hizi ni wajibu wa kaunsili tangu mwongozo wa serikali uwe wa lazima mwezi wa nane 2024, zamani mambo mengi shule zilikuwa zinanunua huduma, mwenye pesa anapata afisa asiye nazo hapati. Wanapitia majina, na akasema anawakataza maafisa wake kuanza na wale wanaohudhuria nusu kwa nusu tu ambao kila mtu anawajua, anataka waangalie na wale walioanza kuteleza, wa 92, wa 91, kabla hajawa na jina darasani. Na akasema kila afisa anashika shule zilezile na familia zilezile, hakuna kumpa mzazi sura mpya kila mwezi. Hilo la mwisho nalithibitisha kwa sharti moja, afisa wangu alipokwenda likizo wiki tatu simu ilikuwa inaita mpaka inakata, hakuna aliyemshikia. Nyota nusu imekwenda hapo.

Mi nimekulia Tanga, kule mtoro alikuwa anafuatwa na wanafunzi wenzake. Mwalimu wa zamu anachagua vijana wanne wenye nguvu, mnakwenda mpaka ufukweni au mnadani mnamkuta, mnambeba juu juu huyu mkono huyu mguu mpaka paredi, viboko, kisha darasani. Na mtendaji wa kata akija nyumbani na mgambo mzee anaitwa ofisini. Nlikuwa mmoja wa wabebaji, nina mikono mirefu. Kuna kijana mmoja tulimbeba mara tatu, mara ya nne hatukumkuta kabisa. Hakuna hata siku moja tulimuuliza. Baadae nikasikia alikuwa anashusha samaki alfajiri ili mama yake apate unga. Nlimkumbuka sana siku ile ya kikao.

Na hapa msidhani walianza na ustaarabu. Tangu miaka ya 1870 walipoanzisha bodi za shule kulikuwa na mtu wa bodi anazunguka mitaani kukamata watoto, wazazi wanamkimbia kama sisi tunavyomkimbia mgambo. Kazi ni ileile, imebadilika namna ya kugonga mlango, na naona hata namna hiyo inategemea nani anaongoza, maana nina shemeji yangu yuko kaunsili nyingine, maili kadhaa tu, huko bado wanapokea barua na faini na hawajawahi kuona mtu.

Maswali ambayo watu wananiuliza kila nikisimulia hii, nayajibu hapahapa.

Msiba. Mkuu wa shule anaweza kutoa ruhusa ila kwa mazingira ya kipekee tu, likizo ya kawaida katikati ya muhula imezuiwa tangu 2013. Msiba wa karibu wengi wanakubali siku kadhaa, lakini OMBA KABLA hujapanda ndege, kwa maandishi. Usiandike "tunabaki mpaka arobaini", hawatakuelewa, andika tarehe ya kwenda na kurudi.

Idi. Siku ya Idi inaandikwa R, ya dini, hiyo ni ruhusa haiingii kwenye faini. Ila ni siku yenyewe ya sikukuu, si Idi na kesho yake kwenda kwa shangazi Leicester. Tatizo la mwezi unaandama lini siwezi kuwasaidia, hata msikitini kwetu wanagombana. Mi naandika imeili kwamba itakuwa Jumatatu au Jumanne na usiku nathibitisha.

Kupinga faini. Hakuna rufaa. Ukikataa kulipa wanaweza kukupeleka mahakamani kwa lile kosa lenyewe. Kuna watu wanapenda kusema ntagoma kama yule baba wa kisiwa cha Isle of Wight aliyempeleka mwanawe Florida katikati ya muhula akakataa kulipa faini, wanasahau mwisho wa hadithi, alishinda mwanzoni kweli, ila 2017 Mahakama ya Juu ikasema kuhudhuria kila mara maana yake ni kwa mujibu wa taratibu za shule, basi. Na hela za faini haziendi kwenye sherehe za kaunsili, zinatakiwa zigharamie hiyohiyo kazi na ikibaki inarudi serikalini. Mi pia nlikuwa sijui, nlikuwa nasema wanatafuta hela.

Nilichofundishwa na huyo afisa na sasa nafanya: kila mwisho wa mwezi naomba shule chapa ya rejista, si asilimia, rejista yenyewe yenye herufi, natazama U ngapi na O ngapi (O nayo ni kukosa bila ruhusa). Wanatoa. Mara moja nimekuta O siku ambayo kijana alikuwa kwa daktari wa meno na karatasi nlipeleka, wakaibadilisha kuwa M, ile ya daktari. Na ukipata barua ya kwanza usiitie kwenye droo, piga ile namba ya chini kabisa yenye maandishi madogo, sema nataka kuongea na afisa, si barua. Sema hivyo hivyo. Msubirie, anaweza kuchukua wiki mbili mpaka tatu kuja, kwangu ilikuwa siku tatu kwa sababu nlimbana mkubwa wao kwenye chai, si wote mtabahatika na biriani.

Wasichoweza: hawawezi kukuondolea foleni ya wataalamu wa afya ya akili kama mtoto ana hofu kubwa ya shule, yule mama Mkongo binti yake bado anasubiri, afisa anakuja kila wiki anakaa naye jikoni, wameanza na nusu siku mara mbili kwa wiki kwa mlango wa nyuma. Inakwenda polepole. Wala hawawezi kuiamrisha shule kila kitu, wanaomba, wanabana, sa ingine shule inakaza shingo.

Kijana wangu sasa yuko 96 na hajaumwa tumbo tangu mwezi wa pili. Mdogo amegoma kula uji wa baridi, anabeba chapati yake kwenye mfuko na klabu wamemzoea. Faili letu limefungwa kabla ya Pasaka, barua ya kutupongeza imefika, na ndani ya posta ileile ya siku ileile imefika nyingine ya onyo, kwamba mahudhurio ya mwanangu yanatia wasiwasi. Nimewapigia. Afisa akacheka mpaka akaishiwa pumzi, akasema hiyo ni kompyuta, mama yetu bado anagombana nayo.